DVD ya harusi ikikwama, dawa ya meno isubiri

Kuna miaka ambayo harusi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka DVD itoke. Mpiga video aliondoka na kamera yake usiku wa ukumbini, akapotea wiki tatu, wakati mwingine miezi mitatu, akapigiwa simu hadi bibi harusi akakata tamaa, kisha siku moja akatokea na kasha lenye picha ya maharusi juu yake. Ndani mna diski mbili: moja ya ndoa yenyewe, nyingine ya ukumbini. Nakala zilitoka nne au tano, kwa wazazi wa pande zote mbili, kwa wasimamizi, kwa mwenyekiti wa kamati. Sebuleni ikatazamwa mara tatu mfululizo, majirani wakaazima, shangazi akaondoka nayo kwenda kuwaonyesha wa kijijini.

Leo diski hiyo iko chini ya kabati la televisheni, nje ya kasha lake, imelaliana na diski ya katuni na nyingine ya nyimbo za injili. Watoto wameshaifanya gurudumu la gari. Zile zilizokata tamaa kabisa zimening'inizwa shambani kutishia ndege, au nyuma ya baiskeli ili zing'ae usiku. Deki yenyewe ilikufa siku nyingi.

Siku inapotafutwa, mara nyingi kuna sababu nzito. Babu amefariki, na mjukuu aliyezaliwa baadaye anauliza sauti yake ilikuwaje. Familia inakumbuka kwamba mzee alisimama ukumbini akatoa nasaha kwa maharusi, na hapakuwa na siku nyingine yoyote aliyorekodiwa akizungumza. Deki inaazimwa kwa jirani. Diski inacheza vizuri saa nzima, mshereheshaji anamkaribisha mzee, mzee anashika kipaza sauti, na picha inaganda. Zinatokea chenga, kisha wimbo wa kukata keki. Mzee hayupo.

Kukwama pale pale si bahati mbaya tupu. Diski ya DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje. Mwanzo wa sherehe uko karibu na tundu la katikati, na kama diski imejaa, mwisho wa sherehe uko ukingoni. Ukingoni ndiko vidole hushika, ndiko vumbi na mikwaruzo huanzia. Na katika harusi zetu, wazee huzungumza kuelekea mwisho.

Kinachofuata katika nyumba nyingi ni mbio za kwenda bafuni kuchukua dawa ya meno. Hapo ndipo inabidi mzazi ashike mkono wa mwenzake kwanza. Dawa ya meno inaweza kusaidia, na itazungumzwa, lakini nafasi yake ni ya mwisho. Kila kusugua kunaondoa plastiki kidogo, na diski iliyosuguliwa vibaya hairudi ilivyokuwa. Kwanza data itolewe kadiri inavyotoka, ndipo mtu aanze kuhangaika na uso wa diski.

Inasaidia kujua kitu hicho kimejengwaje. DVD ina unene wa milimita 1.2, lakini kwa kweli ni sahani mbili za plastiki, kila moja milimita 0.6, zilizogandishwa pamoja. Habari yenyewe, yaani picha na sauti ya babu, iko katikati ya sahani hizo mbili kama nyama ndani ya sambusa. Mkwaruzo mwepesi unaoonekana chini ya diski haujagusa data. Umechubua plastiki tu, na mwanga wa leza unaopita hapo unapinda kabla ya kufika. Ndiyo maana diski inayoonekana mbaya mno wakati mwingine hupona, na nyingine inayong'aa kabisa haisomeki.

VCD, ambazo zilitangulia na ambazo harusi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimo humo, zina hatari ya namna nyingine. Kwenye VCD, kama ilivyo kwenye CD yoyote, data iko juu kabisa, chini tu ya rangi ya lebo. Mkwaruzo wa upande wa juu, ule ambao watu huudharau, ndio unaoua. Anayeinua VCD kuelekea dirishani na kuona mwanga ukipenya kwenye vitundu vidogo ajue kwamba sehemu hizo zimekwisha, na hakuna fundi atakayezirudisha.

Kuna adui wa tatu ambaye hana mkwaruzo. Diski za dukani, zile za sinema, hupigwa mhuri kiwandani. Diski ya harusi ilichomwa kwa leza juu ya tabaka la rangi maalumu, na rangi hiyo huchakaa kwa jua na joto. Diski iliyokaa miaka juu ya dashibodi ya gari au kwenye dirisha la magharibi inaweza kufa bila kuguswa. Hivyo swali si kama diski ni safi. Hata ile isiyo na alama yoyote inazeeka kabatini, na inayosomeka mwaka huu ndiyo rahisi kuliko zote kuitolea nakala.

Sasa, kwa nini diski ambayo bado inacheza, ingawa kwa kurukaruka, hukataa kabisa kunakiliwa? Wazazi wengi wanaliona hilo kama uchawi. Deki imetengenezwa kuvumilia: ikifika mahali pabaya inajaribu kidogo, ikishindwa inaruka na kuendelea, kwa kuwa mtazamaji hapendi kusubiri. Kompyuta inayonakili faili haina uvumilivu huo. Kazi yake ni kuleta nakala kamili, na ikikosa sehemu moja hutupa kazi yote.

Faili za video ndani ya DVD hukatwa katika mafungu yasiyozidi GB 1 kila moja. Kila fungu lina vipande vidogo vya baiti 2,048, zaidi ya vipande 500,000. Kimoja kisiposomeka, kompyuta inaandika ujumbe wa kosa na kuacha fungu zima, pamoja na maelfu mengine ambayo hayana tatizo lolote. Kijana aliyeagizwa ainakili anarudi kusema, “Mama, imeharibika.” Haijaharibika. Imekosa kipande kidogo kuliko kucha, na katika video kipande hicho ni chenga za nusu sekunde hivi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, na kuosha kwenyewe kuna namna yake. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini: kile cha kusafishia miwani, au fulana ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kanga mpya yenye wanga hapana. Mkono uende kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha kama mtu anayeosha sahani. Data imepangwa kwa mduara. Mkwaruzo unaofuata mduara hufunika sehemu ndefu ya mstari mmoja, ilhali unaokatiza kama njia ya baiskeli ivukayo barabara hugusa kila mstari kidogo tu. Na kidogo kidogo hicho diski yenyewe inaweza kukiziba: imeandikwa pamoja na ziada ya hesabu, ile waliyoitoa Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka 1960, inayowezesha kinachokosekana kukokotolewa kutoka kwenye kilichobaki. Petroli, mafuta ya taa, tina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha visiwe karibu na diski hata kwa bahati mbaya.

Diski ikishakauka ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine, na nyingine tena. Watu hudharau hatua hii kwa sababu ni nyepesi mno. Macho ya leza hayalingani. Diski iliyokataliwa na kompyuta ya nyumbani inaweza kusomwa na kompyuta kuukuu ya ofisini, au na kisomeo kidogo cha nje kinachochomekwa kwa USB. Kusoma polepole nako kunasaidia.

Ikiwa bado inakwama, sasa inahitajika programu ya uokoaji, na hapa mzazi atahitaji kijana wa nyumbani anayejua kompyuta au fundi. Iliyo bora ni ya bure, inaitwa ddrescue, na hutumika zaidi kwenye Linux. Kwenye Windows wengi hutumia IsoBuster, ambayo kazi zake kadhaa ni za kulipia. Tabia ya ddrescue inafaa kueleweka hata na asiyeigusa. Haing'ang'anii mahali pabaya. Inapita kwanza ikichukua kila kilicho rahisi, inaruka pagumu, kisha inarudi pale ilipoacha na kujaribu tena. Inaweka daftari lake lenye alama za kila kilichopatikana na kila kilichokosekana. Umeme ukikatika saa nane za usiku, asubuhi inaendelea kutoka ilipofika, haianzi upya. Diski mbaya inaweza kuchukua usiku mzima, hata siku mbili. Fundi anayesema nusu saa kwa diski iliyochubuka hivyo hajaiangalia vizuri.

Daftari hilo ndilo linalofungua mlango ambao familia nyingi hazijui kama upo. Kwa sababu programu inajua hasa ni vipande gani imekosa, inaweza kupewa diski nyingine ya harusi ile ile ikatafuta humo hivyo tu. Nakala ya kwa mama mkwe imechubuka, sawa, lakini haikuchubuka mahali pale pale. Diski mbili mbovu zinaweza kutoa moja nzima.

Sharti ni kwamba nakala zote ziwe zimechomwa kutoka kwenye kazi moja, jambo ambalo wapiga video wengi walilifanya kwa kawaida: alimaliza kuhariri, akachoma tano zinazofanana. Kama alirudi miezi sita baadaye akatengeneza upya, huenda vipande havilingani, na hapo itabidi hotuba ya mzee ichukuliwe kutoka diski moja na iliyobaki kutoka nyingine, kazi ya kuunganisha video ya kawaida.

Basi kabla ya kumtafuta fundi, simu zipigwe. Kwanza kwa mpiga video mwenyewe, maana wapo wanaotunza kanda au diski kuu za kazi zao za zamani, ingawa wengi walishafuta ili kupata nafasi. Kisha kwa wasimamizi wa harusi. Kisha kwa mwenyekiti wa kamati, ambaye kwa kawaida alipewa nakala na huenda hakuitazama zaidi ya mara moja. Hiyo ndiyo diski ya kutafutwa kwa udi na uvumba: haijachezwa, haijaazimwa, imekaa kwenye kasha.

Upande wa mashangazi ni mgumu zaidi. Diski iliyoondoka kwenda kijijini mwaka 2008 ina mwenyewe sasa, na anayeiomba kwa simu ataulizwa kwa nini kila kitu cha ukoo lazima kiende mjini. Anayeijua familia yake hatasema, “Shangazi, nitumie ile DVD kwa basi.” Atasema anataka kumtengenezea shangazi nakala ya kwenye simu ili amwone kaka yake wakati wowote, na ataifuata diski mwenyewe au kumtuma mtu anayeaminika, kisha atairudisha. Diski iliyofungwa kwenye bahasha na kuwekwa chini ya mizigo ya basi inafika na mikwaruzo mipya, wakati mwingine na ufa. Na diski yenye ufa ulioanzia kwenye tundu la katikati isiingizwe kwenye kompyuta kwa majaribio. Ikizungushwa kwa kasi inaweza kupasuka ndani.

Jambo jingine huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ndoa nyingi zilizomo kwenye diski hizi zimekwisha. Mama aliyeachwa hana hamu ya kuona gauni lile, na pengine diski ameshaipeleka jalalani au anakusudia kufanya hivyo. Hakuna anayeweza kumlazimisha aitazame. Lakini ukumbini mle hawakuwa maharusi peke yao. Yumo baba yake mama akicheza, yumo bibi aliyefariki mwaka uliofuata, wamo ndugu waliokuwa watoto. Watoto wa ndoa hiyo watakuja kuitaka siku moja, na si kwa ajili ya kujua nani alimkosea nani. Ndugu mwingine anaweza kuichukua, akainakili, akakaa nayo kimya. Hilo ni bora kuliko kuifanyia mwenyewe uamuzi wakati moyo bado unauma.

Tukirudi kwenye dawa ya meno. Imekwishajaribiwa kompyuta tatu, programu imezunguka siku mbili, nakala nyingine haikupatikana, na bado kuna pengo pale mzee anapozungumza. Kilichopatikana kimehifadhiwa. Sasa diski inaweza kung'arishwa, maana hakuna kikubwa cha kupoteza. Dawa nyeupe ya kawaida isiyo na chembechembe, kiasi cha punje ya harage, kwenye kitambaa laini chenye unyevu, mwendo ule ule wa katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Inaoshwa, inakaushwa, inarudishwa kwenye programu ikajaribu mapengo tu. Hii inafaa kwa mikwaruzo myepesi ya upande wa chini wa DVD. Kwa VCD iliyochubuka juu, na kwa diski iliyoungua na jua, ni kupoteza dawa.

Ikiwa kompyuta zote zimekataa lakini deki ya jirani bado inaicheza, kuna njia ya kizamani isiyo na aibu: zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe za deki huchomekwa kwenye kifaa kidogo cha kurekodia kinachoingia kwenye USB ya kompyuta, na harusi inarekodiwa inapocheza. Ubora unapungua kidogo. Mzee anasikika.

Zipo diski zinazoonekana tupu kumbe zimejaa. Kamera fulani za miaka ile zilirekodi moja kwa moja kwenye diski ndogo za sentimita 8, na mwenyewe alitakiwa aifunge rasmi kwa kubonyeza kitufe kabla ya kuitoa. Asipoifunga, deki na kompyuta husema hakuna kitu. Video ya kuzaliwa kwa mtoto inaweza kuwa humo yote. Diski kama hiyo isitupwe wala kuandikwa juu yake. IsoBuster ni miongoni mwa programu zinazoweza kuisoma.

Diski za sinema na katuni za kununua ni habari nyingine. Zinapokataa kunakiliwa, mara nyingi kosa si mkwaruzo. Zina kufuli la siri lililowekwa makusudi, na kampuni nyingine, Sony ikiwamo, ziliwahi hata kuchanganya vipande vibovu vya kusudi ili kompyuta ikwame. Hapo kuna sheria ya hakimiliki pia. Mzazi asitumie usiku wake kwenye katuni ambayo inapatikana tena. Usiku huo ni wa diski ambayo duniani ipo nakala tano.

Kwa anayekwenda kwa fundi, maneno machache yazungumzwe kabla diski haijatoka mkononi. Aulizwe kama ataanza kwa kunakili au kwa kusugua. Anayeanza kwa kusugua apewe shukrani na diski irudi kwenye mkoba. Malipo yafungwe na kinachopatikana, si na saa alizokaa. Na video ya familia isibaki kwenye kompyuta ya dukani. Ndani mna watoto, mna majina, mna nyumba. Mzazi akae pale ifutwe, au aende na diski yake ya nje kazi ifanyike humo.

Inapopatikana, litunzwe lile faili kubwa kama lilivyotoka, GB 4 na ushee, kisha itengenezwe nakala nyepesi ya MP4 kwa ajili ya simu. HandBrake, ya bure, inaifanya kazi hiyo. Kuituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ni kuzuri kwa furaha ya siku hiyo, ila video inayotumwa kama video hubanwa na kupoteza ubora, hivyo isihesabiwe kuwa ndiyo akiba. Akiba ni faili lililoko sehemu mbili, katika nyumba mbili, mojawapo ikiwa ya shangazi.

Baada ya hapo kuna jioni moja ya kazi ambayo hakuna programu inayoiweza. Bibi akaliwe karibu, video isimamishwe kila sura mpya inapotokea, na mjukuu mkubwa aandike: huyu mwenye kilemba ni nani, huyu anayecheka nyuma ya keki ni mtoto wa nani, huyu aliyemshika babu mkono alitoka wapi. Daftari la shule linatosha. Bibi atakosea majina mawili matatu, watu watabishana, na shangazi atapigiwa simu kuamua.